Mwanangu kalipasua kasha la kadi yangu kwa jiwe

SWALI

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Kitangiri hapahapa Mwanza. Ni fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Pombe sinywi, sigara sivuti, kubeti sijawahi. Starehe yangu ni moja tu, na ndiyo imeniletea msala: nakusanya kadi za wachezaji.

Wengi nikiwaambia hivyo wanadhani nazungumzia karata. Siyo. Ni vikadi vya karatasi ngumu, vikubwa kidogo kuliko kitambulisho cha taifa, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Nilianza 2016, binamu yangu aliyeko Marekani aliponiletea pakiti tatu za kadi za mpira wa kikapu badala ya saa niliyomwagiza. Nilinuna siku nzima. Usiku nikafungua pakiti moja, na mpaka leo sijapona. Sasa ninazo kama 300, ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo nalala nao.

Kati ya hizo kulikuwa na moja niliyoipenda kuliko zote: Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, kadi ya msimu wake wa kwanza, 2009/10, akiwa Memphis Grizzlies, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Binamu aliinunua dola 4. Wenzangu wa kijiweni Kirumba, ambao nao wanakusanya (tuko wanne), wakanishauri ipelekwe ikapimwe. Kwa asiyejua, huko Marekani zipo kampuni za kazi hiyo. Unawatumia kadi, wanachunguza kona na kingo zake kwa lenzi, wanaipa alama kuanzia 1 hadi 10, halafu wanaifungia ndani ya kasha la plastiki gumu ambalo halifunguki bila kuvunjwa. Nikatoa dola 25 za kupimwa, mbali na gharama za posta. Ikarudi baada ya miezi na alama 9. Tulisherehekea kwa sato wa kuchoma. Wenzangu wakaniambia, hicho sasa ni kiwanja, kishikilie, siku moja utauza milioni mbili.

Alhamisi moja mwezi uliopita mwanangu wa pili, yuko darasa la nne, aliupata ufunguo. Akaipeleka kadi shuleni. Nilivyokuja kuelewa, alikwenda na rafiki yake nyuma ya madarasa, kwenye mawe. Mwanza yetu unaijua, mawe hayakosekani. Rafiki akataka kuishika kadi yenyewe, kasha likamzuia. Basi wakaliweka kasha juu ya jiwe, wakaligonga kwa jiwe lingine mpaka likapasuka. Wakaitoa, wakaishika kwa zamu. Halafu mwanangu akaichenji! Alipewa nini? Kurasa nne za daftari zenye wachezaji wa Pamba Jiji waliokatwa kwenye magazeti na kubandikwa kwa uji wa sembe.

Nilimchapa, Mjomba. Sitaficha.

Usiku huohuo nikaenda na wenzangu wawili wa kijiweni mpaka kwa yule rafiki yake, kule juu mlimani. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, analea peke yake. Tukamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kadi. Kijana alikuwa ameichomeka kwenye jalada la nailoni la daftari lake la hisabati, kona moja imekunjika. Mimi nilitaka kuipokea. Wenzangu wakanizuia: kadi imeshakufa hiyo, alama imeondoka, ukiipokea umejimaliza, dai fidia. Wakataja milioni mbili. Yule mama alituangalia mmoja mmoja, akasema, "Wanaume watatu mmekuja usiku kudai karatasi?" Akafunga mlango, na kadi akabaki nayo.

Sasa wenzangu wanataka twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Mke wangu amesema nikienda, na yeye anakuja, atamweleza mwenyekiti mwaka jana nilitumia kiasi gani kwenye pakiti wakati bati za jiko la nje zinavuja. Mwanangu ananiamkia asubuhi, basi, hatuongei tena mpaka kesho yake. Siku ile nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu: "Nilidhani ni ya kuchezea, baba, ina picha ya mchezaji."

Lipo jambo la mwisho ambalo kijiweni siwezi kulisema, nitachekwa. Tangu kasha livunjike nawaza kwamba mimi mwenyewe kadi ile sijawahi kuigusa. Binamu aliinunua, akaipeleka ikapimwe, ikanifikia ikiwa tayari ndani ya plastiki. Wa kwanza nyumbani kwangu kuigusa ni mwanangu, na wa pili ni mtoto wa muuza dagaa. Nimejikuta nawaonea wivu. Je, nimerogwa? Na kadi yangu nitaipataje?

Mkusanyaji, Kitangiri

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Kwa mwenyekiti usiende. Nalisema hilo mapema ili kama umeshavaa viatu uvivue.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kasha la plastiki umelieleza kwa kirefu, mpaka lenzi. Fimbo umeipa maneno matatu na mstari wa peke yake. Hapo ndipo nilipokaa. Kuchukua ufunguo wa baba bila ruhusa ni kosa, na mtoto anastahili kuambiwa. Lakini wewe hukumchapa kwa ajili ya ufunguo. Ulimchapa kwa ajili ya milioni mbili, na hiyo milioni mbili haipo. Haijawahi kuwepo. Ilizaliwa kijiweni siku mliyokula sato.

Najua wakusanyaji watanirushia mawe kwa haya ninayotaka kusema, na hapa mjini mawe hayakosekani, kama ulivyosema. Lakini si maneno ya kusikia. Mwaka 1991 hadi 1995 nilikuwa mwanafunzi Ohio, na Jumamosi nilikuwa nafagia duka la kadi ili nipate nauli na chakula. Duka lilikuwa na boksi kutoka sakafuni hadi darini. Wateja wake hawakuwa watoto. Walikuwa wanaume wazima, walimu, madereva, daktari wa meno mmoja, wananunua boksi zima halijafunguliwa na kulipeleka nyumbani kulifungia kabatini. Kila mmoja alikuwa anasomesha mwanawe kwa boksi lile, kichwani mwake. Viwanda navyo vikaona, vikachapa usiku na mchana. Leo miaka ile Wamarekani wenyewe wanaitaja kwa jina la dharau, miaka ya takataka, kwa sababu kadi zake zimejaa kila nyumba na kuziuza ni shida.

Walichokuwa wanakifukuza ni hadithi ya Mickey Mantle. Kadi yake ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, ya besiboli, mwaka 2022 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Kwa hela yetu ni kama bilioni 30. Ukisikia hivyo lazima uangalie chini ya kitanda chako. Lakini ngoja usikie upande wa pili. Kadi zile zilipotoka hazikugombewa zote. Zilizobaki zilikaa ghalani miaka hadi Sy Berger, mtu yuleyule aliyezibuni, akazipakia kwenye tishari mwaka 1960 na kwenda kuzimwaga bahari ya Atlantiki. Alisimulia mwenyewe. Na zile zilizofika kwa watoto, watoto walizifanya kama alivyofanya mwanao: wakazichenji, wakazikunja, wakazifunga kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, mama zao wakazitupa siku ya kuhama nyumba. Ndiyo maana zilizobaki safi ni chache. Ile bilioni 30 ilitengenezwa na watoto watundu na mama waliokuwa wanafanya usafi. Wale wanaume wa Ohio hawakuliona hilo. Walitunza wote kwa pamoja, na kadi ambayo kila mtu kaitunza haiwi adimu hata ikae miaka mia.

Nilijifunza? Hata. Mwenye duka alinilipa sehemu ya ujira wangu kwa boksi mbili za Topps za 1990, pakiti 36 kila boksi, nami nikashukuru kama mtu aliyepewa shamba. Nilirudi nazo kwenye sanduku, nikaacha koti la baridi lipate nafasi. Besiboli, mchezo ambao mpaka leo sheria zake zinanichanganya! Ziko kabatini kwangu Nyegezi. Koti lingenifaa kuliko hizo, na Nyegezi hakuna baridi.

Sasa tuje kwa Thabeet wako, maana hapo nakuunga mkono kuliko unavyodhani.

Juni 2009 mtoto wa Dar es Salaam, mrefu zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wa pili! Aliyemfuata, wa tatu, alikuwa James Harden. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba. Kadi zao za msimu wa kwanza ni za mwaka mmoja. Kadi ya Curry ya msimu ule imewahi kuuzwa kwa mamilioni ya dola. Ya Thabeet binamu yako kainunua dola 4, na muuzaji pengine alishangaa kupata mteja. Thabeet alizunguka Memphis, Houston, Portland, Oklahoma City, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ikawa imekwisha. Soko la kadi halina undugu, linahesabu pointi tu. Kwa hiyo mtu anayekwambia kadi ile ni kiwanja ama hajui, ama anakupenda sana, ama naye anazo tano anatafuta wa kumuuzia.

Lakini wewe hukuipenda kwa sababu ya pointi. Nani kati yetu aliyeipenda kwa pointi? Uliipenda kwa sababu kwenye mlima mzima wa nyuso za huko kulikuwa na mmoja ambaye ukikutana naye stendi ungemwambia "mambo vipi" naye angekujibu. Hiyo ni sababu nzuri ya kukusanya kadi. Kwangu ndiyo sababu pekee ninayoiheshimu, na nikisema hivyo mbele ya wakusanyaji wakubwa wananitazama kama mshamba. Wacha wanitazame.

Sasa angalia ulichokifanya. Kadi ya dola 4 umeilipia kasha la dola 25. Ni sawa na kununua samaki wa elfu mbili ukambebea kwenye mfuko wa elfu kumi na mbili na mia tano, na mifuko yenyewe ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019. Utaniambia si mfuko tu, ni alama. Haya, tuzungumzie alama. Kampuni kubwa kuliko zote ya kupima kadi, PSA ya California, ilianza 1991. Kadi ya kwanza kabisa kuipima ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani ambaye kadi yake ilitolewa pamoja na sigara kuanzia 1909. Waliipa 8, kwa kadi ya umri ule ni ajabu, na kwa alama hiyo ikapita mikono ya matajiri kwa bei inayopanda kila mara. Mwaka 2013 dalali mkubwa wa minada, aliyewahi kuwa nayo, alikiri mahakamani kwamba kingo zake alizikata yeye, ndiyo maana zilikuwa zimenyooka vile. Lenzi haikuona, au iliona ikanyamaza. Sisemi wapimaji wote ni wezi. Kwa mtu mwenye kadi ya dola elfu kumi anayeuza kwa mtu asiyemjua, kasha lina maana, linapunguza utapeli. Kwa Thabeet wako lilikuwa gereza tu. Ulilipia usiweze kuigusa.

Kwa hiyo wivu wako si uchawi, mpwa wangu. Ni akili inarudi. Wale vijana walikaa juu ya jiwe wakaona kitu ambacho wewe kwa miaka hukukiona: kwamba kilicho ndani ndicho chenye raha. Nimejaribu kuwawazia pale, mmoja ameshikilia kasha kwa vidole viwili asijigonge, mwingine amenyanyua jiwe. Naamini lilipopasuka walinyamaza kidogo. Kadi mpya ina ubaridi wake na ulaini wake, na ukiinusa ina harufu ya wino. Mwanao akikusamehe, muulize. Atakueleza kwa kirefu.

Umeandika kwamba kubeti hujawahi. Hapo nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniuliza kulikoni. Pakiti iliyofungwa, hujui ndani kuna nani, unalipa kwanza, unachana, unakuta watu usiowataka, unasema ijayo itakuwa yenyewe. Sasa mkeka ni nini? Tofauti ni kwamba mkeka ukichanika hupati hata picha. Mwaka 2021 huko Marekani homa hiyo ilipanda hadi maduka ya Target yakasimamisha kuuza kadi madukani kwa muda, kwa sababu watu wazima walifikia kupigana nje kwa ajili ya pakiti. Mkeo ameliona hili kabla yako, na hajawahi kwenda Ohio.

Viwanda vinajua kucheza na homa hiyo. Siku hizi wanachapa kadi moja kwa rangi kumi, wanaandika namba juu yake, hii ziko kumi tu, hii iko moja tu duniani. Wenzako kijiweni bila shaka wanazizungumzia hizo kwa sauti ya chini. Wewe unafanya kazi kwenye samaki, utanielewa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika, wavuvi wanapumzika, bei inapanda, hakuna wa kumlaumu. Lakini dagaa wakiadimika kwa sababu mtu kafungia magunia stoo na kutoa debe moja kwa wiki, Mwaloni pale watamwita jina gani? Kadi iliyochapwa moja kwa makusudi ili iwe adimu ni hilo debe.

Na zile kurasa nne. Hapa nakuomba utulie, maana hapa ndipo ulipomkosea mtu kuliko unavyojua.

Kabla sijaenda Ohio nilikuwa na daftari kama lile. Nilikuwa kijana wa miaka 22 mwenye ndevu, si mtoto. Pamba ile iliyochukua ubingwa wa Muungano 1990, nilikuwa nayo: George Masatu, Hussein Masha, Fumo Felician. Nilikata kwenye Uhuru na Mzalendo, na gazeti halikuwa langu. Lilikuwa la jirani, nikalisubiri alimalize, na mara nyingine picha niliyoitaka ilikuwa imeshafungiwa maandazi na ina duara la mafuta usoni pa mchezaji. Unabandika kwa uji, unaweka tofali juu lisikunjamane, asubuhi mende wamekula kona. Kurasa nne za namna ile ni miezi. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakununuliwi gazeti, huenda ni mwaka mzima wa kuzunguka na mama sokoni akiokota karatasi. Mwanao alimpa mwenzake kitu alichokipata kwa dakika moja chini ya kitanda. Mwenzake alimpa mwaka. Nani kapunjika? Na mama yake ndiye mliyemfuata usiku, wanaume watatu.

Daftari langu mama aliwashia jiko nikiwa Marekani. Boksi za Topps, ukiacha pakiti moja, hakuna mtu amewahi kuzigusa.

Fanya hivi. Jumapili mchana, si usiku, mchukue mwanao muende wawili. Wenzako wa kijiweni wabaki kijiweni. Lakini kabla hamjatoka nyumbani mwambie kijana wako kwamba fimbo ile ilizidi na umekosea. Usiweke "lakini wewe nawe" mwishoni, maana watoto wanasikia neno la mwisho tu. Ukifika kwa yule mama, piga hodi, subiri ukaribishwe, omba radhi kwa ile saa mliyokwenda na kwa zile hela mlizozitaja. Usimpe pesa, atakuona unamnunua. Ukiona anauza dagaa nyumbani, nunua kisado kama mteja mwingine yeyote na ulipe bei anayotaja.

Kadi usiidai. Ile ni biashara ya vijana wawili na wao ndio wenye mamlaka ya kuivunja. Waulize kama wanataka kurudishiana, kila mmoja chake, kisha ukae kimya, hata kimya kikiwa kirefu. Nahisi watakataa. Wakikataa, mwombe yule kijana akuruhusu uishike. Mbele yake, kwenye kiganja, bila plastiki. Hilo tu, ndilo ulilokuwa unalitaka tangu mwanzo. Wakikubali kurudishiana, nenda nayo nyumbani, na kona iliyokunjika usiipige pasi wala usiikandamize chini ya kitabu. Iache.

Kwa mkeo, andika kwenye karatasi jumla ya ulichotumia mwaka jana. Jumla yote, pamoja na zile pakiti ambazo binamu "alikuletea zawadi" halafu ukamtumia hela. Mpe karatasi mwenyewe kabla hajaipeleka kwa mwenyekiti. Kisha fungua sanduku mbele yake, mtenganishe kadi unazozipenda na zile unazozisubiri zipande bei. Za pili uza sasa hivi, hata kwa wenzako wa kijiweni, wao bado wanaamini. Bati za jiko zitapatikana, au angalau nusu yake.

Kijiweni watakucheka wiki mbili, kisha mmoja wao atakufuata pembeni akuulize ulijisikiaje. Huyo ndiye rafiki.

Na kama mambo yatatulia, niandikie tena nikuelekeze kwangu. Uje Jumamosi na hao vijana wawili, wafungue boksi zangu za 1990, pakiti zote, wazimwage sakafuni, wakate, wabandike, wafanye watakavyo. Pakiti moja nilishaifungua na mjukuu wangu mwaka jana. Ndani mna kadi 16 za wazee wenye masharubu na kipande cha ubani wa kutafuna cha rangi ya waridi ambacho nilipokigusa kilivunjika kama kioo. Waambie mapema ubani wasiule. Mjukuu wangu alijaribu.

Mjomba